Kadi ya Sinema na Deni Langu

(Hotuba iliyotolewa na mmoja wa wanafunzi wa zamani, wa kundi lililomaliza kidato cha nne mwaka 1982, kwenye mkutano wetu wa mwaka uliofanyika Goba. Tumeichapa karibu yote kama alivyoisema.)

  

Kamati iliponiandikia ilinitaka nizungumze juu ya matumizi bora ya fedha. Sasa mhasibu mstaafu akipewa mada ya namna hiyo baada ya watu kula pilau, hapana budi nusu ya wasikilizaji walale na nusu nyingine itafute mlango. Kwa hiyo nimeomba ruhusa nizungumze juu ya sinema. Nitawaeleza habari za kadi moja ya sinema, ambayo mtu hulipia mara moja kwa mwezi, kisha akaingia kutazama picha mara nyingi kadiri apendavyo, na jinsi ya kupata thamani ya fedha yako ukiwa nayo. Mwisho wa maneno yangu nina jambo la kuungama. Linawahusu baadhi yenu mliokaa safu ya mbele, nami nimelificha kwa muda wa miaka karibu 20.

Nianzie pale tulipoanzia sote. Sisi wa kundi la 1982 hatukuwa na kadi ya mwezi. Tulikuwa na Jumapili moja ya ruhusa, basi la UDA lililojaa mpaka mlangoni, na majina ya majumba ya sinema tuliyoyakariri kuliko majina ya mito ya jiografia: Empire, Empress, Avalon, Odeon, Cameo, New Chox. Ilikuwapo pia Drive-In, iliyofunguliwa mwaka 1966 upande wa Msasani, ambako wenye magari walitazama picha wakiwa wameketi ndani ya magari yao. Sisi tusio na magari tuliitazama kwa mbali, picha bila sauti, tukabuni maneno wenyewe. Vijana msiitafute leo. Kiwanja kile ndipo ulipo ubalozi wa Marekani, uliohamia hapo mwaka 2003 baada ya ule wa kwanza kulipuliwa Agosti 1998.

Fedha za kiingilio hazikutosha watu wote. Wenzangu mnakumbuka tulifanyaje. Bweni zima lilichanga senti zake, likakata tiketi moja, likamtuma mtu mmoja. Huyo aliketi kwenye viti vya chini vya Avalon, akatazama kwa niaba ya watu 30, kisha usiku taa zikizimwa akaisimulia picha yote tangu mwanzo hadi mwisho: nani alimpiga nani, aliimba nini, farasi alikuwa wa rangi gani. Filamu za Kihindi ndizo tulizozipenda zaidi, na sababu mojawapo ilikuwa ya kiuchumi. Filamu ya Sholay, ya mwaka 1975, inapita saa tatu. Kwa kiingilio kile kile, filamu ya Bruce Lee ilikupa nusu yake tu. Mtumwa wetu akirudi na Sholay, bweni lilikuwa na chakula cha siku mbili.

Na palikuwa na sheria moja. Aliyetumwa asiongeze wala asipunguze. Kuna mwenzetu mmoja, simtaji, maana naona anainamisha kichwa, alipata usingizi katikati ya picha. Usiku ule akatutungia mwisho wake mwenyewe, mzuri kweli kweli. Siku tatu baadaye mtu wa bweni la pili akatuambia kuwa yule jambazi hakufa kabisa. Mwenzetu alihukumiwa kutuchotea maji wiki nzima. Likumbukeni jambo hilo, nitalirudia.

Mwaka 2005, nikiwa na umri wa miaka 40, nilipata nafasi ya kusoma shahada ya pili ya uhasibu katika mji wa Sheffield, kaskazini ya Uingereza, mji uliojulikana tangu zamani kwa chuma na visu. Ada nililipiwa. Nauli sikuwa nayo. Ninyi wenzangu wa darasa mlikutana jioni moja Magomeni, mkachanga shilingi 1,200,000. Orodha ya majina ninayo hadi leo, kwa mwandiko wa aliyekuwa mweka hazina wetu, Mungu amrehemu. Wengine mlitoa elfu tano, nami nilijua nyumbani kwenu elfu tano hiyo ilikuwa na kazi yake.

Nilifika Septemba. Kufikia Desemba jua la kule huzama kabla ya saa kumi jioni. Mtu uliyezoea kuketi barazani mpaka saa tatu usiku, ukisalimiana na kila apitaye, unajikuta ndani ya chumba kimoja, dirisha jeusi, na majirani wasiojua jina lako. Sisemi haya kujitetea, ila ndivyo ilivyokuwa.

Palikuwa na jumba kubwa la sinema lenye vyumba vingi vya kuonyeshea, unafika kwa tramu. Tiketi moja ilikuwa pauni 6. Lakini kwa pauni 12 kila mwezi ulipewa kadi yenye picha yako, ukaingia bila kikomo. Mhasibu nikapiga hesabu papo hapo, hesabu ya darasa la tatu: picha mbili, kadi imejilipa, ya tatu ni bure, na ya nne, na ya tano. Nikaweka sahihi mwanzo wa Oktoba, nikatoka mlangoni nikijiona nimewashinda Waingereza akili.

Sasa vijana, chukueni kalamu, maana hapa ndipo penye somo. Nitawapa mambo matano niliyojifunza, na kila moja nililijifunza baada ya kulikosea.

La kwanza: pima kadi kwa fedha ambazo ungezitumia kweli bila kadi hiyo. Usiipime kwa bei iliyoandikwa ubaoni. Mimi kabla ya kadi nilikuwa nikienda sinema mara moja kwa mwezi, pauni 6. Nilipotazama picha nane kwa mwezi niliandika daftarini kwamba nimeokoa pauni 36. Uongo mtupu. Pauni 36 hizo sikuwa nazo, wala nisingezitoa. Nilichofanya ni kuongeza matumizi kutoka pauni 6 hadi 12. Aliyenunua mashati kumi kwa sababu yamepunguzwa bei hajaokoa kitu. Amenunua mashati kumi.

La pili: hesabu na vile visivyoandikwa kwenye kadi. Kuna nauli ya kwenda na kurudi. Kuna bisi na soda. Msidhani jumba la sinema linaishi kwa tiketi peke yake. Sehemu kubwa ya fedha ya tiketi hugawana na wenye filamu, lakini faida ya bisi ni yake. Mwenye kadi huja mara nyingi, na kila ajapo hupita mbele ya harufu ile. Aliyetaka faida hula nyumbani kwanza, tena huweka picha mbili katika safari moja, ili nauli moja ifanye kazi mara mbili.

La tatu: soma masharti mpaka mstari wa mwisho. Mimi, mtu wa mahesabu, nilisoma nusu ya fomu. Nusu ya pili ilisema kuwa kadi ni ya mwezi katika kulipa, bali ni ya mwaka katika kufungwa: miezi 12, hakuna kutoka. Kosa lilikuwa langu, maandishi yalikuwapo.

La nne: tumia kadi kuonja usivyovijua. Hapa ndipo kadi ilinipa kitu cha thamani, na haki yake niiseme. Mtu anayelipa kila mara huogopa kupoteza, akachagua kile kile alichokizoea. Mwenye kadi anaweza kujaribu. Niliona picha za nchi ambazo lugha zake sikuelewa hata neno. Picha ikiwa mbaya niliondoka baada ya nusu saa bila uchungu. Novemba ile niliingia katika The Constant Gardener, ambayo nisingeitolea pauni 6, nikaiona Kibera ya Nairobi mbele yangu, na mabati yake, na reli, na watoto. Nilikaa kitini mpaka mfagiaji akanigusa bega. Machi 2006 nikaiona Tsotsi, kutoka Afrika Kusini, iliyokuwa imetoka kupata tuzo ya Oscar mwezi ule ule kama filamu bora ya lugha ya kigeni. Kwa mara ya kwanza nilisikia ukumbi mzima wa Waingereza ukinyamaza kumsikiliza Mwafrika akisema kwa lugha yake. Picha hizo mbili ninazo mpaka leo. Nyingine nyingi siwezi kuwatajia hata majina.

Na hilo ndilo la tano: jiwekee kipimo chako mwenyewe, kwa sababu kadi haina kipimo. Tiketi hukuambia basi. Fedha zikiisha unarudi nyumbani. Kadi haikuambii kitu. Mimi badala ya kutazama picha nzuri nilianza kuhesabu picha. Kila niliyoiongeza ilishusha gharama ya moja, na mhasibu hupenda gharama ya moja ishuke. Januari 2006 peke yake nilitazama picha 23. Nilitazama picha za watoto. Nilitazama picha moja mara mbili kwa sababu mvua ilikuwa ikinyesha. Nilikuwa kama mtu aliyealikwa karamu akala mpaka akaugua, eti asimpe hasara aliyemwalika.

Sasa nije kwenye kuungama.

Mwezi Mei tulifanya mitihani. Juni matokeo yakatoka, nami nilikuwa nimeanguka somo moja, somo la ukaguzi wa hesabu. Ndiyo, chekeni, ukaguzi wa hesabu. Ikanipasa nirudie mtihani mwezi Agosti. Maandalizi ya kurudia yakala muda wa kuandika tasnifu, na tasnifu ikasukumwa hadi Desemba. Badala ya mwaka mmoja nilikaa mwaka na miezi mitatu. Kodi ya chumba kwa miezi ile mitatu, ada ya kurudia mtihani, na faini ya kubadili tarehe ya ndege vilinigharimu pauni 900, ambazo nilizipata kwa kufagia ofisi usiku.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Mimi daftari nilikuwa nalo, basi nililifungua nikapiga hesabu ambayo ningalipaswa kuipiga mwanzoni. Kuanzia Oktoba hadi Mei nilitazama picha 128. Juni hadi Septemba, nikiwa nimefungwa na kitabu, nilitazama tatu, huku kadi ikiendelea kunikata pauni 12 kila mwezi. Jumla picha 131. Kadi kwa mwaka: pauni 144. Ukigawa, kila picha ni pauni moja na senti kumi. Rahisi mno! Lakini ongeza zile pauni 900. Jumla ni pauni 1,044, na ukigawa kwa 131, kila picha inakuwa karibu pauni 8. Tiketi ya dirishani ilikuwa pauni 6. Ndugu zangu, kila picha niliyoiita ya bure niliilipia ghali kuliko yule mzee aliyekuja mara moja kwa mwezi na fedha yake mkononi.

Hiyo ni hasara ya fedha, nayo ilikwisha. Lakini nilipoona sitarudi Septemba, niliwaandikia barua ninyi wenzangu. Nilisema chuo kimeahirisha mitihani. Mkaniamini. Mmoja wenu akanijibu nisihuzunike, kwamba mtaendelea kuniombea. Barua ile niliisoma ndani ya tramu. Niliporudi Desemba mlikuja kunipokea uwanja wa ndege na shada la maua, mkaniuliza habari za mitihani kuahirishwa, nami nikaongeza maelezo. Nikautungia mwisho mzuri.

Mmeona sasa kwa nini nilisema mkumbuke habari ya bwenini. Mlichanga, mkamkatia mtu mmoja tiketi, mkamtuma akatazame kwa niaba yenu. Naye alilala, akarudi akawasimulia picha ambayo haikuwapo. Tofauti ni kwamba yule mwenzetu alichota maji wiki nzima, na mimi sikuchota hata kata moja. Chuo hakikuahirisha kitu. Nilianguka, na sababu ni sinema. Naomba mnisamehe.

(Hapa wasikilizaji walipiga makofi, na mmoja wa safu ya mbele akasema kwa sauti: "Maji yapo bombani, ndoo tunaleta!")

Asanteni. Sasa nimalizie habari ya kadi, maana ilinifuata mpaka hapa Goba.

Nilihamia vilima hivi mwaka 2009, Goba ilipokuwa ingali Wilaya ya Kinondoni, kabla ya kuwekwa Ubungo. Mwaka juzi kijana mmoja mwenye kibanda cha kuonyesha picha karibu na Njia Nne, ninyi mnaviita vibanda umiza, na mabenchi yake yanastahili jina hilo, alinijia na daftari. Ana nafasi ya watu 50. Mchana anaonyesha filamu za nje zilizotiwa maelezo ya Kiswahili, kazi iliyompa jina marehemu Derek Gaspar Mukandala, maarufu Lufufu. Mimi nikiwasikiliza wasimulizi hao naliona bweni letu. Ni kazi ile ile. Kiingilio cha mchana ni shilingi 300. Usiku wa mpira mkubwa ni 1,000. Kijana alitaka kuuza kadi ya mwezi kwa shilingi 8,000, mtu aingie wakati wowote. Akaniuliza, "Mzee, nitapata au nitapotea?"

Nikamwambia haya si mambo mageni, wengine wameyajaribu kwa fedha nyingi kuliko sisi. Mwaka 2000 kampuni ya Kifaransa iitwayo UGC ilianzisha kadi isiyo na kikomo kwa faranga 98 kwa mwezi. Wenye majumba madogo walilalamika kuwa watamezwa, na sheria ya mwaka 2001 ikaziweka kadi hizo chini ya usimamizi. Kadi zenyewe hazikufa. Marekani kampuni ya MoviePass, mwezi Agosti 2017, ilitangaza kadi ya dola 9.95 kwa mwezi, picha moja kila siku. Watu waliikimbilia, kufikia katikati ya mwaka 2018 wanachama walipita milioni 3. Septemba 2019 ikafunga huduma, na Januari 2020 kampuni iliyoimiliki ikaomba kufilisiwa. Mwaka 2021 serikali ya Marekani ilieleza kuwa kampuni hiyo iliwabatilishia nenosiri wateja waliotazama sana, ili washindwe kuingia. Ilifufuliwa baadaye, bali kwa mpango mwingine.

Kwa nini mmoja alisimama na mwingine akaanguka? UGC ilikuwa na majumba yake. Kiti kilichobaki kitupu saa nane mchana hakiuziki tena kesho. Kimeoza kama nyanya. Mwenye kadi akiketi hapo, mwenye jumba hapotezi kikubwa, na huenda akauza bisi. MoviePass haikuwa na viti. Kila mwanachama alipokwenda kutazama, ilimnunulia tiketi kwa bei kamili katika jumba la mtu mwingine. Tiketi kule ilikuwa kama dola 9 kwa wastani. Picha ya kwanza ilimaliza ada ya mwezi; ya pili ilikuwa hasara, na kadiri mteja alivyoipenda kadi, ndivyo mwenye kadi alivyozama. Rahisi huvunja upishi.

Basi nikamwambia yule kijana: viti ni vyako, kwa hiyo unaweza. Lakini usitie usiku wa mpira. Usiku huo mabenchi yamejaa, na kila mwenye kadi anayeketi anamtoa nje mtu mwenye shilingi 1,000 mkononi. Uza kadi ya mchana tu, pale benchi linapokaa tupu huku umeme umekwisha kuwaka. Shilingi 5,000 badala ya 8,000: mtu akija mara 17 amekwisha kupata faida yake, nawe umeipata fedha tarehe mosi, mkononi.

Hapo alikubali kwa furaha. Nikamwambia sharti la mwisho: kadi asimuuzie mwanafunzi. Furaha ikamtoka. Akaniambia kweli tupu: "Mzee, mchana wateja wangu ni hao hao. Wanavua shati la shule, wanalitia ndani ya mfuko, wanaingia." Tulibishana siku tatu. Alisema mimi nina pensheni, yeye ana mtoto mchanga. Sikuwa na jibu la kutosha, maana ni kweli nina pensheni. Nikamsimulia habari ya Sheffield, ambayo sikuwa nimemsimulia mtu yeyote hata mke wangu. Alinyamaza kidogo, akasema, "Wewe mtu mzima wa miaka 40 kadi ilikushinda. Mtoto wa miaka 15 itamfanyaje?"

Akalibandika tangazo mlangoni: Jumatatu hadi Ijumaa kabla ya saa kumi, mwanafunzi haingii. Hajatajirika. Miezi ya kwanza alipungukiwa, na mara mbili alinitazama kwa jicho ambalo sikulipenda. Leo ameuza kadi 14, nyingi kwa vijana wa bodaboda wanaopumzika mchana na kwa wastaafu kama mimi. Ninayo kadi namba moja, ya karatasi ngumu, yenye muhuri. Naitumia Jumanne na Alhamisi, siku hizo tu, picha moja moja. Nikitoka nasimulia nyumbani.

Sasa ninyi wanangu wa kidato cha tano na cha sita. Mnaweza kusema, mzee huyu anatuambia tusitazame picha. Sivyo. Leo kila mmoja wenu ana kadi ya mwezi mfukoni, mnaiita kifurushi. Kifurushi cha simu, kifurushi cha televisheni. Mambo matano niliyowapa yanafaa huko pia. Kila usikiapo neno "bila kikomo", jiulize: kikomo changu mimi ni kipi? Muuzaji hana haja ya kukuwekea.

Tena mnayo kadi nyingine kubwa zaidi. Tangu Januari 2016 serikali iliondoa ada kidato cha kwanza hadi cha nne, na tangu Julai 2022 ikaondoa ya kidato cha tano na cha sita. Mnaingia darasani, mnaingia maktaba, mnamwendea mwalimu baada ya kipindi, hamuulizwi tiketi. Nanyi mnaweza kuikosea kadi hiyo kwa namna mbili. Ya kwanza ni kutoingia, huku inalipiwa. Analipa mkulima wa pamba na mama muuza vitenge kwa kodi zao. Ya pili ndiyo yangu: kuingia kila mahali kwa pupa na kutoka bila kitu, kuhesabu vitabu badala ya kuvisoma. Na gharama isiyoandikwa kwenye kadi hiyo ni umri. Mimi miezi mitatu niliinunua kwa ufagio. Mingine haipatikani hata kwa ufagio.

Ndugu Mwenyekiti, dawa ya deni ni kulipa. Katika bahasha hii mna shilingi milioni tatu. Mlinichangia 1,200,000 mwaka 2005, na fedha ya mwaka ule si fedha ya leo. Riba sikuweka kwa kuwa marafiki hawatozani riba. Ni juu ya kamati kuamua matumizi yake. Kama mtaniuliza maoni, ningependa shule ipate mashine ya kuonyeshea picha na kitambaa cheupe, na Jumamosi moja kila mwezi vijana waonyeshwe filamu moja, moja tu. Waanze na za kwetu: Arusi ya Mariamu ya mwaka 1985, kisha Vuta N'kuvute ya mwaka 2021, aliyoitengeneza Amil Shivji kutokana na riwaya ya Adam Shafi. Na baada ya picha kwisha, taa ziwashwe, kijana mmoja asimame aisimulie, bila kuongeza wala kupunguza, na wengine wamsahihishe.

Wenzangu wa 1982, ile ndoo iko wapi? Nionyesheni bomba.